Namna ya kuuponya Mto Sabaki kwa pesa za serikali: tuliyojifunza huku Malindi

Mnaoishi Malindi mwajua, ikiingia kaskazi bahari inabadilika rangi, yale maji mekundu yanatoka mlangoni Sabaki yanashuka na pwani mpaka huku mjini, watoto wakioga baharini wanatoka na vumbi la udongo kwenye nywele, halafu ikifika kusi yanageuka yanaelekea Mambrui na kuendelea juu. Mwaka nenda mwaka rudi. Na kila mkutano vijana wa vikundi wananiuliza, kaka hizi pesa za serikali za kuhifadhi mto zinapatikanaje mbona tunazisikia redioni tu, basi nimeona niandike yote mahali pamoja. Mimi ni katibu wa chama cha watumia maji upande wetu wa mto, haya ni yale tuliyofanya kwa mikono yetu pamoja na yale tumelazimika kuyasoma kwenye sheria ili tusizungushwe.

Jambo moja nataka ulishike tangu sasa manake ndo limetuumiza kuliko yote. Usiombe pesa ya kupanda, omba pesa ya kulea. Nitakueleza kwa nini nikifika pale kwenye bajeti.

Kabla ya ofisi yoyote, ujue mto wenyewe. Sabaki ni jina la huku chini tu. Mto huu unaanza ukiitwa Athi, kule upande wa Ngong na Nairobi, unapokea Mto Nairobi na uchafu wake wote, unapita Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, unateremka Ukambani, ukiwa ndani ya Tsavo Mashariki unakutana na Mto Tsavo na hapo jina linakuwa Galana, unapita maporomoko ya Lugard, ndo unatufikia sisi. Ni kama kilomita 390, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Visima vya Baricho vilivyo kando ya huu mto ndivyo vinatunywesha Malindi na Kilifi na sehemu ya Mombasa pia, kwa hivyo mtu akikwambia hii ni shida ya wavuvi na wakulima wa Magarini mwambie afungue bomba lake ayaulize maji yametoka wapi.

Na huu udongo haukuanza jana. Watafiti walitoboa jiwe la tumbawe lenye umri wa karibu miaka 300 hapa hapa baharini Malindi, wakapima madini ya bariamu yaliyoingia tabaka kwa tabaka pamoja na matope ya mto, wakaona zamani yalikuwa kidogo na yametulia halafu yakapanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa ukoloni, ardhi ya bara ilipoanza kufyekwa na kulimwa kwa namna mpya. Yani lile tumbawe limeweka daftari. Mimi nikienda mkutanoni hili ndo huanza nalo, manake kuna watu hudhani mto umekuwa mwekundu siku zote, ni maumbile.

Lakini pia usiende kusema unataka maji yawe kama ya chupa. Mto wowote unabeba udongo, na kamba wetu wa ghuba ya Malindi na Ungwana wanategemea hii rutuba inayoletwa na Sabaki na Tana. Mzee mmoja wa Mambrui alinisimamisha alipoona nimechangamka sana akaniambia, mwanangu, ukiufunga udongo wote utatufunga na sisi midomo. Kinachotafutwa ni kupunguza ule uliozidi, unaofunika matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari hapa Malindi, ile ya tangu 1968, na unaojaza mchanga mpaka mto ukifurika unaingia majumbani kwa watu.

Sasa kazi. Tembeeni kingo zenu, wote, kwa miguu. Sisi tulichukua siku tatu, wazee wawili, kina mama watatu wanaochota maji, vijana na simu zao, na mvuvi mmoja wa mlangoni. Kila mahali penye kidonda tulipiga foto na kubonyeza ramani ya simu tupate alama ya mahali: hapa ukingo umekatika, hapa shamba la mahindi limeingia mpaka majini, hapa malori yanachota mchanga, hapa ng'ombe wanashukia wamepasua njia na mvua ikija ndo mfereji. Wazee ndo watakuambia mto ulikuwa wapi, manake kijana anaona ukingo wa leo akidhani ndo ukingo. Na mtembee mchana na mkae mbali na maji, mamba wako na viboko wako, hakuna mradi unaofaa roho ya mtu.

Ile orodha ya vidonda ndo msingi wa kila karatasi itakayofuata. Ukiwa nayo huendi ofisini kulia, unaenda na kazi iliyohesabiwa.

Halafu makaratasi. Kikundi cha kawaida cha vijana au kina mama kinaweza kupata miche ya msaada, sawa, lakini kwa mambo ya mto wenyewe sheria inatambua chama cha watumia maji, WRUA, kipo ndani ya Sheria ya Maji ya 2016, kazi yake ni kusaidiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, yani WRA, kutunza maji na kusuluhisha watu wanaoyagombania. Kama upande wenu tayari kuna WRUA msianzishe nyingine, ingieni hiyohiyo hata kama viongozi wake wamelala, waamsheni. Kama hakuna, mtahitaji katiba, wanachama wenye mashamba kando ya mto na wanaotumia maji yake, usajili, akaunti ya benki yenye waweka sahihi watatu, PIN ya KRA, kisha makubaliano ya maandishi na WRA. Wafugaji muwaite tangu siku ya kwanza. Chama cha wakulima peke yao kikienda kuweka mipaka kandokando ya mto mtazua vita tu.

Mkishakubaliwa mnaandaa pamoja na WRA mpango wa kusimamia bonde lenu dogo, watu wa maji wanauita SCMP. Usiuogope, ni ile orodha yenu ya vidonda imepangwa vizuri, na kando yake nani afanye nini mwaka gani kwa pesa ngapi. Huu mpango ndo mlango wa Mfuko wa Maji wa serikali, WSTF, ambao unafadhili vyama kama hivi kwa kazi zilizo ndani ya mpango. Bila mpango hata uwe na maneno matamu namna gani hakuna kitu.

Pesa nyingine iko kaunti na hapa ndo watu wengi wa Malindi na Magarini tunapotea, kwa sababu tunaenda wakati bajeti imeshafungwa. Ukienda kaunti watakuambia mto ni wa WRA, ukienda WRA watakuambia udongo wa shambani ni wa kaunti, na wote wawili wanasema kweli, Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji, na mto wenyewe uko chini ya mamlaka ya taifa. Kwa hivyo gawanya ombi lako. Kingo, vibali, vipimo vya maji peleka WRA. Matuta, miche ya mashambani, njia za mifugo peleka kaunti.

Na ushike kalenda, iandike ukutani kabisa. Mwaka wa pesa wa serikali unaanza 1 Julai. Lakini mpango wa mwaka wa kaunti, ADP, lazima uwe umefika bungeni kwao kufikia 1 Septemba, na huo ni wa mwaka wa pesa unaofuata, si huu ulioanza juzi. Ile karatasi ya mwelekeo wa matumizi inafika kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Sasa wewe ukija Mei na barua yako, mwenye ofisi atakupokea vizuri, atakupa na maji baridi, na hakuna atakachokufanyia. Ombi la mto liingie kati ya Juni na Agosti wakati ADP inaandikwa, kisha ulifuate Februari kuona kama bado limo, kisha Aprili na Mei kwenye vikao vya wananchi uhakikishe halijakatwa. Mara tatu unaenda, mara tatu unasema neno lilelile. Na mradi uwe unaingiliana na mpango wa kaunti wa miaka mitano, CIDP, huu wa sasa ni wa 2023 mpaka 2027, tafuta ukurasa unaozungumzia mazingira au maji uuandike namba kwenye barua yako. Wanaotaka kuingiza mambo makubwa waanze kujipanga sasa kwa ule wa 2028.

Kuna pia FLLoCA, huu mradi wa mabadiliko ya tabianchi ambao serikali inaendesha na Benki ya Dunia na Wajerumani wa KfW, pesa zake zinapitia kaunti na zinapangwa kuanzia kamati za wodi. Mjue nani anakaa kwenye kamati ya wodi yenu, iwe Sabaki, Jilore, Garashi, Magarini, popote. Ni majirani zenu, si wageni. Muwapeleke mtoni waone kwa macho kabla hawajakaa kupanga.

Barua au memorandamu iwe ukurasa mmoja na picha mbili. Shida iko wapi, kazi gani, gharama, nani atasimamia. Peleka nakala mbili, moja waachie, nyingine wagonge muhuri na tarehe urudi nayo. Ile nakala yenye muhuri itakusaidia siku mtu akisema hajawahi kukuona.

Haya, bajeti. Miaka kadhaa nyuma kuna ofisi moja ilituletea mradi wa miti kandokando ya mto. Siku ile ilikuwa nzuri kusema kweli, hema, maji ya chupa, fulana, watoto wa shule, kila mtu ameshika mche anapigwa foto. Miche mia nane. Wiki mbili mvua ikakatika. Hakukuwa na tangi, hakukuwa na mlinzi, hakukuwa na hata waya, pesa yote ilikuwa imeenda kwenye miche na ile siku yenyewe. Mbuzi walikula mingine, jua likamaliza iliyobaki, na ile michache iliyoshika tuliiokoa kwa sababu mama mmoja jirani aliamua mwenyewe kuinywesha kwa ndoo asubuhi na jioni, bure, miezi mitano, mpaka mvua za masika. Tulienda kuhesabu tukapata arubaini na kitu na yote ilikuwa upande wa kwake. Nililia siku ile, sikuona haya.

Tangu hapo tukabadilisha namna ya kuandika. Sasa miche ni sehemu ndogo ya ombi letu. Kikubwa ni mlinzi analipwa kila mwezi kwa miezi kumi na minane, na tunapendelea awe mtu wa palepale kama yule mama, tangi na mpira wa maji, uzio wa miba au waya, miche ya kuziba pengo msimu wa pili na wa tatu, na nauli ya kuhesabu kila miezi mitatu. Ofisa atakuambia punguza hapo kwa mlinzi uongeze miche, idadi ipendeze kwenye ripoti. Kataa kwa adabu. Mwambie serikali imejiwekea miti bilioni 15 kufikia 2032 na mti uliokauka hauwezi kuhesabiwa humo. Sisi tulikataa mara mbili, mara ya pili walikubali.

Na kama kikundi chenu ni cha vijana, kina mama au watu wanaoishi na ulemavu, jiandikisheni AGPO, ule mpango wa serikali wa zabuni za vikundi kama hivyo, asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa nyinyi, mnaweza kuwa ndo mnauza miche kwenye mradi wenyewe badala ya lori kutoka mbali kuleta miti isiyojua jua la huku.

Kazi ya ukingoni yenyewe sasa. Sheria za ubora wa maji zinasema ukingo uachwe bila kulimwa wala kujengwa, kima cha chini mita 6 na kima cha juu mita 30 kila upande, ukipima kutoka pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika juu zaidi. Anayepima ni WRA, si nyinyi, msiende na kamba yenu mkaanza kumwambia mtu shamba lako linaishia hapa. Mkalishe mkulima kwanza. Yule anayelima mpaka majini si mtu mbaya, pale ndo pana unyevu, na mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliwachukulia watu shamba na mazao kwa pamoja, hilo ndo mwanzo mzuri wa mazungumzo, kwamba ukingo ulio uchi ndo unaondoka wa kwanza. Kisha mpe cha kushika: nyasi za vetiva mstari wa kwanza manake mizizi yake inashuka chini kama msumari, nepia nyuma yake akate alishe ng'ombe, mianzi pale maji yanapopiga kona, halafu miti ya asili ya mto, mikuyu na mikwaju na mikoma. Mkwaju unauzika, huo hawakatai. Mathenge, ule mti wa miba unaotapakaa kila mahali, usipande hata ukipewa bure, nenda Tana uone ilichofanya.

Panda mvua ikishakolea, si siku ya kwanza ya mawingu. Mashimo yachimbwe mapema. Gabioni, yale makasha ya waya yanayojazwa mawe, na kuta za mawe ziacheni kwa wahandisi, na msikubali kontrakta aanze kuweka kitu ndani ya mto kabla hamjaona kibali cha WRA na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa sababu ukuta ukiwekwa vibaya upande huu maji yanaenda kula upande wa jirani.

Mlangoni ni habari nyingine. Kule ni mikoko, na mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo ni KFS, shirika la misitu, mnaongea nao na si chifu peke yake. Usipande kila pahali penye tope. Tope jipya linahama, leo liko kesho limeondoka. Angalia mchu, aina moja ya mkoko, unapojiotea wenyewe, hapo pamekubali, pazungushieni ulinzi na mwongeze palipo na pengo. Mara nyingi kuzuia ng'ombe na shoka kunafanya kazi kuliko kupanda. Na msizibe uwazi wanapotua ndege, mlango wa Sabaki unajulikana duniani kwa ndege wake, vijana kadhaa wanapata riziki kwa kuwatembeza wageni pale.

Bado kuna watu wa juu. Hata tukipanda Malindi nzima, udongo mwingi unatoka Ukambani na kwingineko juu. Lakini kule kwenyewe kuna mfano mzuri sana, Machakos ya miaka ya 1930 ardhi ilikuwa imeliwa na mvua mpaka wakoloni waliikatia tamaa, na wakulima wakachimba matuta, yale ya fanya juu, kilima baada ya kilima, kwa miaka mingi, watu wakaongezeka na udongo ukatulia kuliko zamani. Kwa hivyo inawezekana. Tafuteni vyama vya WRUA vya juu, WRA inavijua, waalikeni waje waone bahari ilivyo wakati wa kaskazi. Sisi tulipokea wageni kumi na wawili kutoka Makueni, wengi hawakuwa wamewahi kuiona bahari, tukawapeleka juu ya vile vilima vya mchanga vya Mambrui wakaona lile jekundu lilivyoingia ndani ya buluu. Mzee wao mmoja alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, ule ni wa kwetu. Tuliandika ombi la pamoja baada ya hapo na lina nguvu kuliko la peke yetu.

Pesa ikitoka, ifuateni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa haki ya kuuliza kwa maandishi mradi umepewa nani kwa bei gani, na ofisi ijibu ndani ya siku 21. Uliza kwa upole, uliza kwa barua, weka nakala. Na nyinyi pia hesabu zenu ziwe wazi, sisi twabandika karatasi ya matumizi kwenye mti wa mkutano kila mwisho wa mwezi, hata ile shilingi mia ya kredo.

Mwisho, pimeni. Hamhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo, kila Jumatatu mahali palepale, mtu mmoja achote maji akiwa juu ya daraja kwa kamba na ndoo ndogo, mjaze chupa mpaka alama, iache siku nzima itulie, kisha pima kwa rula tope lililokaa chini ni milimita ngapi. Andika tarehe, mvua imenyesha au la, na hiyo namba. Yule mama aliyenywesha miche ndo anashika daftari letu sasa, analipwa, na Agosti tunapoenda kwenye kikao cha ADP ni yeye anasimama kulisoma.